Pedali ilizama mwisho wa nyoofu: pedi na diski gani kwa gari moja la barabarani na saketini?

#1 KonaYaSaba
Wakuu, habari za humu. Gari ni hachibeki ya turbo, inavutwa na magurudumu ya mbele, uzito kama kilo 1,400 nikiwa ndani. Inanipeleka kazini kila siku, na karibu kila mwezi naipeleka saketini, yaani uwanja wa mbio, kwa asubuhi moja.

Mwezi uliopita nilifunga mbele diski mpya zenye matundu na pedi mpya za seramiki. Mafuta ya breki sikuyabadili kwa sababu yalionekana masafi. Raundi tatu za kwanza breki zilishika vizuri kuliko zamani. Raundi ya nne, mwisho wa sehemu ndefu iliyonyooka, nipo kama kilomita 200 kwa saa, nakanyaga, pedali inazama karibu na sakafu. Nikapampu haraka mara mbili, ikapanda, gari likapunguza, lakini kona nilishaipitiliza nikaishia kwenye kokoto. Hakuna aliyeumia na gari halina mkwaruzo. Usiku ule usingizi haukuja.

Naomba mnisaidie: kuna pedi moja inayoweza kazi zote mbili, au nikubali kuwa na seti mbili? Na diski nichukue zipi, za matundu, za mifereji, au bapa?

#2 Bisibisi
Pole, na hongera kwa kupampu. Wengi hapo mguu huganda.

Kabla ya pedi na diski: pedali ilikuwa laini inazama, au ilikuwa ngumu ila gari halisimami? Hayo ni magonjwa mawili. Pedali ngumu na gari linaendelea kwenda, hapo pedi zimepita joto lake na msuguano umekufa. Pedali ikizama, mafuta yamechemka ndani ya kalipa, kile chombo kinachobana pedi kwenye diski. Mvuke unabanika na mafuta hayabaniki, kwa hiyo mguu wako unaubana mvuke badala ya kusukuma pistoni. Kwa ulivyoeleza, mimi naona mafuta. Yana umri gani?

#3 KonaYaSaba
Ilikuwa laini kabisa. Mafuta nilinunua gari likiwa nayo, huu ni mwaka wa tatu.

#4 Bisibisi
Basi. Kiwango cha DOT 4, moja ya madaraja ya mafuta ya breki, kinataka mafuta mapya yasichemke chini ya nyuzijoto 230. Yakishanyonya maji kufikia asilimia 3.7, kiwango kinaridhika yakichemka kuanzia 155. DOT 3 ni 205 na 140, DOT 5.1 ni 260 na 180. Maji yanaingia polepole kupitia hozi na kifuniko cha kopo, na rangi haikuonyeshi kitu. Mafuta yanaweza kung'aa kama asali na yakawa yamelowa. Yale ya mbio yakiwa mapya huchemka juu ya 300.

Angalizo: DOT 5, isiyo na ile .1, ni silikoni. Haichanganyiki na hizo nyingine na haitakiwi kwenye gari lenye ABS, ule mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge. Namba zimekaribiana lakini ni vitu viwili tofauti kabisa.

#5 PediNyeusi
Bisibisi, mtu akikuuliza kuhusu taa za mbele utamwambia abadili mafuta ya breki. Nakuheshimu, ila hapa umeanzia mwisho wa mnyororo. Mafuta hayachemki yenyewe. Joto limetoka pale pedi inapogusa diski, likapita kwenye bamba la pedi, likapita kwenye pistoni, ndipo likafika kwenye mafuta. Pedi za mtaani zimetengenezwa kushika zikiwa baridi, zisilie, zisichafue rimu. Nyingi zikipita 350 au 400 zinaanza kulegea. Zikilegea dereva anakanyaga zaidi na kwa muda mrefu zaidi, na huo muda ndio unaopika kalipa. Pedi ya saketi inafanya kazi mpaka 600 au 700 bila kulegea.

Jingine, hizo pedi ulizizoesha? Pedi mbichi ina gundi ambayo haijawahi kuonja joto kubwa. Ikilionja kwa mara ya kwanza inatoa gesi, gesi inakaa kati ya pedi na diski. Mara nyingi hutokea hapo hapo raundi ya tatu au ya nne.

#6 Mzee_wa_Spana
PediNyeusi, gesi ya pedi mbichi inakupa pedali ngumu. Haiwezi kuizamisha, maana haiko ndani ya mfumo wa mafuta. Kijana amesema laini.

Na seramiki nyingi zinapitisha joto kidogo kuliko zile za nusu chuma. Kwa hiyo kwenye hilo la kupika mafuta, seramiki ilikuwa inamlinda kidogo, ingawa ni pedi dhaifu kwa saketi.

#7 PediNyeusi
Kuhusu gesi nakubali. Kuhusu kuanzia kwenye pedi sibadiliki.

#8 HesabuKwanza
Naomba niweke namba mezani, nadhani zitasaidia kuona kwa nini "breki nzuri barabarani" haimaanishi kitu saketini.

Nishati ya mwendo ni nusu ya uzito mara mwendo mara mwendo. Gari la kilo 1,400 likisimama kutoka 60 kwa saa, breki zinameza kama kilojuli 194. Likishuka kutoka 200 hadi 80, zinameza kama kilojuli 1,815. Ni zaidi ya mara tisa, na gari bado halijasimama! Ukifunga breki kwa nguvu zote hiyo kazi inaisha kwa sekunde tatu na nusu hivi, yaani zaidi ya kilowati 500. Sijui injini yako ina ngapi, lakini hazifiki hapo.

Sasa chukua asilimia 70 kwa breki za mbele, gawa kwa diski mbili, kila moja kilo 7 za chuma cha kalibu. Kila unapokanyaga pale mwisho wa nyoofu, diski inapanda karibu nyuzi 200. Na bado kuna kona nyingine za raundi hiyo hiyo.

#9 Mzee_wa_Spana
Hesabu nzuri, ila umeidai breki kila kitu. Upepo kwenye 200 unasaidia kidogo, matairi yanakula kidogo, na chuma kinavyozidi kupata moto kinahitaji nishati zaidi kupanda digrii moja. Mimi ningesema 150 na kitu. Halafu diski inapoa kati ya kona na kona.

#10 HesabuKwanza
Sawa Mzee, 150 na kitu. Hoja yangu inabaki: mzigo unabebwa na uzito wa chuma na hewa ya kukipoza. Ndiyo maana sipendi diski za matundu kwa kazi hii. Kila tundu ni chuma kilichoondolewa, na chuma ndicho ghala la joto.

#11 DadaGia
Nakuja kwenye diski, maana hapo nimeumia mwenyewe.

Nilikuwa na za matundu. Siku ya tatu ya saketi nikaona nyufa nyembamba kama unywele zinatoka kwenye tundu moja kwenda jingine. Fundi akaniambia nyufa fupi za juu juu ni kawaida, angalia tu zisifike ukingoni. Mara iliyofuata moja ilifika ukingoni. Niliigundua kwa sababu nina tabia ya kupitisha ukucha kwenye diski kila ninapovua tairi, kucha likakwama. Zilitupwa siku hiyo hiyo.

Matundu yana historia yake. Pedi za zamani zilitoa gesi nyingi na ilihitaji pa kutokea. Pedi za leo, zikishazoeshwa, gesi si tatizo kubwa. Matundu yanasaidia kwenye mvua, na kupunguza uzito, na yanapendeza nyuma ya rimu. Kwa saketi natumia bapa zenye mapezi ya hewa katikati. Mifereji sina ugomvi nayo. Inakwangua uso wa pedi ukabaki safi, ila pedi inaisha mapema kidogo na kuna mvumo fulani ukifunga breki kutoka mwendo mkubwa.

#12 MvuaNyingi
Dada, mbona magari ghali ya michezo yanatoka kiwandani na matundu?

#13 DadaGia
Kwa sababu diski zao ni kubwa na nzito kiasi kwamba chuma kilichopotea hakiumizi, mpangilio wa matundu umefanyiwa kazi na mapezi ya ndani, na mnunuzi anapenda kuyaona. Hata hivyo wanaozitumia saketini kweli kweli wengi wanabadili.

#14 NusuTanki
KonaYaSaba usihangaike, soma ubavuni mwa pedi. Kuna herufi mbili mwisho wa ile mistari ya namba. EE dhaifu, FF wastani, GG kali. Nunua GG, maliza kazi.

#15 DadaGia
NusuTanki, herufi ni za kweli lakini hazijibu swali lake. Ya kwanza ni msuguano wa kawaida, ya pili ni wa moto. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Shida ni kwamba jaribio lenyewe linafanyika kwa kipande kidogo cha pedi, inchi moja kwa inchi moja, na "moto" wake unaishia karibu na 340. Kwenye saketi hiyo ni joto la kuanzia asubuhi. Pedi yenye FF inaweza kubaki F mpaka 650, na nyingine ya FF ikaporomoka ikifika 420. Herufi zile zile.

Ninachokitafuta mimi ni mchoro wa msuguano dhidi ya joto wa mtengenezaji, uliolala tambarare. Pedi inayoruka juu ikipata moto ni hatari kama inayoshuka, kwa sababu mguu wako haujui utapata nini.

#16 NusuTanki
Hilo la 340 sikulijua. Asante.

#17 Beringi_Moja
Nimesoma wote. Naomba niulize kitu ambacho hakuna aliyeuliza. KonaYaSaba, kona inayotangulia ile nyoofu, unapanda kingo, kile kilichoinuka pembeni mwa njia?

#18 KonaYaSaba
Napanda, tena kwa nguvu. Ni kona ya kushoto, tairi mbili zote juu ya kingo. Kwa nini?

#19 Beringi_Moja
Kwa sababu kuna ugonjwa wa tatu. Beringi ikiwa na uchezaji, au habu, kitovu cha gurudumu, ikipinda kwa mtikisiko, diski inayumba na kuzisukuma pedi nyuma. Pistoni inarudi ndani kidogo. Kwenye nyoofu hugusi breki, kwa hiyo hakuna anayeirudisha. Unapofika mwisho, kanyagio la kwanza lote linaishia kujaza lile pengo. Pedali inazama. Unapampu mara ya pili, imerudi, kama haikuwahi kuugua.

Ulipampu mara mbili ikapanda na ikashika. Mafuta yaliyochemka hayaponi hivyo. Mvuke ukishaingia unabaki mpaka kalipa ipoe.

#20 Bisibisi
Ngoja. Kupampu kunapandisha pedali hata kukiwa na mvuke, ndiyo maana tunafundishwa kupampu. Na gari lake, kama ni hachibeki ya kawaida, lina kalipa ya kuteleza yenye pistoni moja. Pedi zikisukumwa, kalipa nzima inateleza ikafuata diski. Ugonjwa wako unazipata zaidi kalipa zilizofungwa imara, zenye pistoni pande mbili.

#21 Beringi_Moja
Inateleza kama pini zake zinateleza. Pini kavu, mipira imekufa kwa joto, kalipa inakwama, pistoni inasukumwa vile vile. Mimi nimelipata kwenye gari la pistoni moja, na nilibadili mafuta mara mbili kabla ya kugundua kuwa ni beringi ya kulia. Tangu hapo, katikati ya nyoofu nagusa pedali kidogo kwa mguu wa kushoto, taa ya breki inawaka tu, pedi zinasogea. Gharama yake ni sufuri.

#22 Mzee_wa_Spana
Swali la kutenganisha haya mawili: uliporudi kusimama, pedali ilikuwaje hapo hapo, kabla haijapoa?

#23 KonaYaSaba
Nilizunguka polepole raundi nzima ndiyo nikaingia. Pedali ilikuwa ndefu kidogo kuliko asubuhi. Baada ya dakika 20 ikawa karibu kawaida.

#24 Mzee_wa_Spana
"Karibu" hiyo inakaa katikati ya hoja zote mbili.

#25 MkonoWaKushoto
Naongeza la nne ili Mzee asilale. Vua pedi, pima unene pembe zote nne kwa venia, kile kipimo cha unene. Kalipa ya kuteleza inapobanwa kwa nguvu ikiwa ya moto inafunguka kidogo kama mdomo, na pedi inaliwa upande. Pedi iliyolika kwa mshazari inakaa vibaya kwenye diski, na mguu unatumia safari ndefu kuinyoosha kabla haijashika. Pedali inakuwa ndefu bila mvuke na bila beringi.

Pia uangalie kama gari lako linatumia breki kusaidia kona. Magari mengi ya kisasa yanayovutwa na magurudumu ya mbele yanabana gurudumu la ndani ili lisipoteze mshiko. Huoni, husikii, lakini pedi zinapikwa hata pale ambapo wewe unakanyaga mafuta. Wengine hudhani ukizima ile swichi ya mfumo wa uthabiti wa gari kila kitu kimezimika. Kwenye magari mengine hiyo kazi inaendelea.

#26 MvuaNyingi
Nimejifunza zaidi humu kwa saa moja kuliko miaka niliyovua matairi. Swali dogo: je, diski kubwa zaidi zingemfupishia umbali wa kusimama?

#27 HesabuKwanza
Kama breki za sasa zinaweza kufikisha matairi kwenye ABS, basi umbali wa kusimama mara moja unaamuliwa na matairi. Diski kubwa inakupa kusimama kwa kumi kuwe sawa na kwa kwanza. Hicho ndicho kinachonunuliwa.

#28 Mzee_wa_Spana
Na hivyo ndivyo diski zilivyoingia kwenye mbio. Mwaka 1953 Jaguar C-Type ilishinda Le Mans ikiwa na diski za Dunlop, wakati washindani wengi wakiwa na ngoma. Ngoma mpya na baridi ilisimamisha gari vizuri tu. Ila kwa saa 24, ikipata moto ngoma inatanuka kuviacha viatu vya breki, msuguano unafifia, dereva analazimika kuanza kufunga breki mapema. Mwenye diski aliendelea kufunga breki pale pale usiku kucha.

#29 NusuTanki
Mzee hadithi hizo unazitoa wapi, endelea bwana. Na zile diski za kaboni na seramiki je?

#30 Mzee_wa_Spana
Porsche waliziweka kwenye 911 GT2 mwaka 2001. Uzito karibu nusu ya chuma, hazishiki kutu, vumbi kidogo. Kwa anayeendesha barabarani ni nzuri sana. Saketini zinaliwa kwa namna yake, nyuzi za kaboni zinaungua taratibu kwa joto, na kokoto ikizipiga ukingoni unaweza kupoteza diski nzima. Ndiyo maana utakuta wenye magari hayo wanafunga za chuma siku za saketi na kuzirudisha zile jioni.

#31 PediNyeusi
Turudi kwa mwenye uzi. Alitaka kujua kama pedi moja inatosha. Jibu langu: kwa mtu wa asubuhi moja kwa mwezi, na gari la kilo 1,400, pedi ya katikati inawezekana, ile inayoanza kushika ikiwa baridi na kuvumilia 600 hivi. Italia kidogo, itachafua rimu, utaizoea. Ile ya mbio kamili usiiweke kwenda nayo kazini. Asubuhi ya baridi, mtoto amekatiza mbele yako, unakanyaga na gari linateleza kama limepakwa nta kwa sababu pedi inasubiri nyuzi 200 ambazo barabarani hazifiki. Kwa sababu hiyo peke yake nisingekubali, hata bila kutaja kelele zake.

#32 DadaGia
Nakubaliana na PediNyeusi kwenye hatari, natofautiana kwenye suluhisho. Mimi nina seti mbili. Kubadili za mbele kwa kalipa ya kuteleza ni bolti moja, unainua kalipa, unatoa, unaweka, dakika 40 pande zote mbili. Pedi ya katikati inakupa kasoro za pande zote. Nilitumia miaka miwili. Vumbi lake lilikuwa likilowa linang'ang'ania rimu likawa kama kutu, na mlio wake kwenye taa za barabarani ulifanya binti yangu ajue nimefika kabla sijaingia getini.

Ila ukiwa na seti mbili kuna jambo: mchanganyiko wa pedi unaacha utando wake kwenye diski. Ukifunga pedi ya familia tofauti juu ya utando wa nyingine, siku mbili za kwanza gari linashika na kuachia. Tafuta za barabarani na za saketi kutoka mtengenezaji mmoja zinazoelewana, au uwe na diski mbili mbili pia.

#33 MvuaNyingi
Huo utando ndio unaofanya usukani utetemeke? Fundi aliniambia diski zimepinda, akazichonga, baada ya mwezi zikarudi vile vile.

#34 DadaGia
Mara nyingi ndiyo. Diski inabaki nyoofu, unene ndio unaotofautiana. Pedi ya moto ikisimama mahali pamoja inaacha kiraka. Kiraka kinashika zaidi, kinapata moto zaidi, na chuma chini yake kikipita 650 hivi kinabadilika kuwa kigumu kama kioo. Ukichonga unakisawazisha na wenzake, lakini ugumu umeingia ndani; wenzake wanaliwa, chenyewe kinabaki, mtetemo unarudi. Tofauti ya unene ya mikroni 20 tu mkono unaisikia.

Kwa hiyo ukitoka saketini usivute hendibreki, na usisimame umekanyaga pedali. Zunguka raundi nzima polepole, ukifika weka gia, zuia tairi kwa kabari. Na kabla hujalaumu diski, safisha uso wa habu. Kipande cha kutu chini ya diski kinatosha kuiyumbisha.

#35 Beringi_Moja
Kuyumba tena. Nimefurahi umefika kwangu.

#36 KonaYaSaba
Nashukuruni nyote, kwa kweli. Nitafanya hivi: mafuta mapya ya mbio, pedi za katikati, diski bapa, na nitazizoesha kabla. Nizoeshe vipi?

#37 PediNyeusi
Soma kwanza maelekezo ya aliyezitengeneza, maana hayafanani. Kwa jumla: barabara tupu na salama, funga breki kutoka 100 hadi 20 mara nane au kumi, kwa nguvu ya wastani na bila kufikia ABS, bila kusimama kabisa katikati. Kila mara nguvu iongezeke. Utasikia harufu, pedali inaweza kulegea kidogo halafu ikarudi kuwa imara. Kisha endesha dakika kumi au zaidi bila kugusa breki. Ukisimama mapema unachapa kile kiraka cha DadaGia siku ya kwanza.

#38 Bisibisi
Na ununue rangi za joto, zile za kupaka ukingoni mwa diski. Kijani inageuka ikifika 430, chungwa 560, nyekundu 610. Ukirudi utajua umefika wapi bila kubahatisha. Pima pia unene wa diski, kila moja ina alama ya unene wa chini, mara nyingi milimita mbili chini ya mpya.

#39 MkonoWaKushoto
Neno moja kuhusu kubadili mbele tu. Ukiweka pedi kali mbele na kuacha za nyuma laini, unahamisha kazi kwenda mbele. Gari litakuwa tulivu likifunga breki, lakini joto litaongezeka pale pale unapotaka lipungue. Badili nyuma pia, hatua moja pungufu ya mbele.

#40 NusuTanki
Wakuu, hivi ni kweli pedi za siku hizi hazina shaba?

#41 HesabuKwanza
Zinapungua. Huko Marekani, California na Washington sheria zao zimeishusha hadi asilimia 0.5 ya uzito wa pedi kuanzia 2025, kwa ajili ya samaki, maana vumbi linaishia mitoni. Shaba ilikuwa inasambaza joto vizuri, kwa hiyo pedi yenye jina lile lile uliyoipenda zamani inaweza isiwe ile ile leo. Ukisoma sifa za pedi, angalia zimeandikwa lini.

#42 KonaYaSaba
Nimerudi na majibu, wiki sita baadaye.

Mafuta mapya, pedi za katikati mbele na nyuma, diski bapa, zimezoeshwa. Raundi sita mfululizo, mara tatu. Rangi ya kijani imegeuka yote, chungwa imegeuka, nyekundu iko kama nilivyoipaka. Yaani niko kati ya 560 na 610 mbele. Msuguano haukubadilika hata mara moja, nilikuwa nafunga breki kwenye alama ile ile mpaka mwisho.

Lakini mara moja tu, kipindi cha pili, pedali ilikwenda ndefu. Si sakafuni, nusu ya ile ya mwanzo. Nilikuwa nimepanda kile kingo. Nikapampu, ikarudi, na raundi iliyofuata ilikuwa sawa. Kipindi cha tatu sikupanda kingo na haikutokea.

Pedi nimezipima. Ya ndani kulia imelika kwa mshazari, milimita 1.6 tofauti juu na chini. Kushoto haifiki nusu milimita.

#43 Beringi_Moja
Kingo. Kulia. Kona ya kushoto inabebesha gurudumu la kulia. Inua gari, shika tairi juu na chini, tikisa.

#44 MkonoWaKushoto
Milimita 1.6 upande mmoja ni pini iliyokwama. Hiyo peke yake inatosha kuirefusha pedali.

#45 Bisibisi
Na mwanzoni ilikwenda hadi sakafuni, sasa ni nusu. Kilichopunguza hiyo nusu ni nini kama si mafuta?

#46 KonaYaSaba
Nimetikisa. Kuna kitu kidogo sana, siwezi kuapa. Jumamosi naiweka saa ya kupimia uchezaji kwenye habu na kuvua zile pini, nitaweka picha za zote mbili.

#47 Mzee_wa_Spana
Pima kabla hujavua pini, na upime pande zote mbili ili uwe na cha kulinganisha. Ukishazipaka grisi mpya huwezi tena kujua zilivyokuwa.